Kapu la Maamuzi na Matanga ya Kalla

Mlioanza nami mnakumbuka nilipokomea: mbuzi wa jirani amemaliza kutafuna barua ya saba, nami nimesimama uani mwa nyumba ya wageni pale Garsen, barua mkononi kumi na moja badala ya kumi na mbili.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, nitaeleza upesi.

Mwaka ni wa hamsini na sita. Mume wangu Godhana alikuwa karani wa godauni la kampuni moja iliyokuwa ikinunua mchele na ng'ombe. Mtu mzuri, sauti ya chini, mkono wake haujanigusa kwa ubaya hata siku moja. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakujua kuamua. Ukimuuliza uji ama chai, atakutazama mpaka vyote viwili vipoe. Binti yetu alikuwa na miezi minne na hakuwa na jina, kwa sababu baba yake alikuwa bado analifikiria. Watu walimwita Huyu. "Huyu hajambo?" "Hajambo, Huyu amelala."

Baba yangu, mzee Mahmud, aliposikia hayo kule kwetu Kinakomba, aliteremka mto kwa mtumbwi. Akakaa kibarazani kwetu akasema mbele ya majirani: "Binti yangu sikumwoza kwa mtu asiyeweza kumpa mtoto jina. Nasikia kampuni inaleta Mzungu wa kupima watu uwezo wa kuamua, wamtafute meneja. Nitangoja hicho kipimo. Godhana akipita, Mumina abaki. Akianguka, narudi naye Kinakomba, na Huyu mgongoni."

Nami nilimpenda Godhana. Hilo nataka liandikwe kwanza, kabla ya madhambi yangu.

Mpimaji alikuwa Bibi Margaret wa Nairobi, mwanamke mrefu mwenye saa ya kubonyeza shingoni. Kipimo chake kilikuwa kapu. Ndani ya kapu mna barua kumi na mbili zilizokunjwa, zote za taipu, kila moja na taabu yake ya kubuni: mizani imevunjika, mchele umelowa, mvua imekata barabara. Mtu anakaa mezani kama meneja, anatoa barua moja moja, na kwenye karatasi ya pembeni anaandika ameamua nini. Nusu saa tu.

Kapu lilitumbukia mtoni siku anavuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia nguo, nikapewa kazi ya kuanika barua. Mengine mnayajua. Mbuzi.

Ningeweza kwenda kusema, "Mama, barua yako imeliwa." Sikusema. Nilikumbuka kitu.

Mwaka uliotangulia ami yake Godhana alifariki. Siku ile mume wangu alisimama katikati ya watu kama aliyezaliwa upya. Wewe chimba. Wewe sanda. Wewe panda mtumbwi uwaambie watu wa Idsowe. Watu walimtii hata wazee. Siku ya tatu matanga yakaisha, nikamuuliza, "Usiku tule ugali ama wali?" Akanitazama mpaka jiko likazimika.

Msiba ndio uliokuwa ukimfungua kinywa.

Basi nikachukua karatasi kwenye sanduku la Bibi Margaret, nikachukua penseli ya orodha ya nguo, na kwa madarasa yangu machache nikaandika: "Kwa Meneja. Kalla amefariki njia ya Kipini. Maiti yake inaletwa leo kwa kivuko. Mkewe hajui."

Kwa nini Kalla? Kwa sababu barua za Bibi Margaret zote zilijaa majina ya wafanyakazi, aliyatoa kwenye daftari la kampuni, na Kalla alikuwa mmoja wa wavuta kamba wa kivuko. Halafu Kalla alikuwa ametumwa Kipini kuleta kamba mpya. Siku nne kwenda na kurudi. Nilijiambia Godhana ataandika, atapita, nitaichoma ile karatasi, na Kalla atarudi asijue kwamba aliwahi kufa.

Nikaikunja nikaitia kapuni.

*

Asubuhi ya kipimo Godhana aliniuliza, "Mumina, nivae kofia ama nisivae?"

"Vaa."

"Nyeupe ama ya viua?"

"Nyeupe."

"Na kama yeye anapenda ya viua?"

"Godhana, hapimi kofia. Na usiogope zile barua. Zote za mashine, zote za mchezo. Hakuna la kweli hata moja."

Akatoka na kofia zote mbili, moja kichwani, moja mfukoni.

Aliyetangulia kupimwa alikuwa Halkano, msimamizi wa ng'ombe, Muorma mrefu mwenye maneno mengi, aliyejua kila ng'ombe wa kampuni kwa jina la mama yake. Aliingia chumba cha kipimo pale nyumba ya wageni, akasoma barua tatu, akaandika, akatoka. Dakika nne.

Bibi Margaret alifurahi mpaka alipoisoma karatasi. Mstari wa kwanza: Nitauliza wazee. Wa pili: Nitauliza wazee. Wa tatu vilevile, kisha mstari mrefu kuteremka mpaka chini.

"Hii nyingine tisa je? Wewe hapana soma!"

"Hizo pia nitauliza, mama."

"Wewe hapana amua!"

"Nimeamua. Nimeamua kuuliza."

"Peke yako! Kichwa yako!"

"Kwetu," Halkano alisema kwa upole, "mtu anayeamua habari ya ng'ombe wa watu kwa kichwa chake peke yake, tunamfunga kamba tunamsomea dua."

Sifuri.

Halkano hakujali. Akipita kibarazani alimwamkua baba yangu vizuri, halafu akasema, "Mzee Mahmud, ule mtumbwi wako unachukua watu wangapi?"

Baba hakucheka.

*

Nilisimama dirishani na Huyu mgongoni. Godhana alikaa, akatia mkono kapuni, akatoa barua ya kwanza. Mizani imevunjika. Itengenezwe ama inunuliwe mpya?

Akaisoma. Akaigeuza nyuma. Akaisoma tena. Saa ya Bibi Margaret inakwenda. Dakika kumi na mbili zikapita na barua ni ileile.

Kule nje baba alimwita Jefwa, fundi wa kampuni. "Kijana, hebu niangalizie mtumbwi wangu kama una maji ndani. Nitauhitaji."

Nikakohoa. Godhana akatazama dirishani. Nikamwonyesha kapu kwa midomo: toa nyingine! Akatia mkono, akatoa iliyokuja.

Ikaja yangu.

Nikasema moyoni, sasa ataandika. Akasoma. Akavua kofia.

"Inna lillahi," akasema, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, na mpaka leo likinijia najifunika uso. Za mashine zote ni za mchezo, nilimwambia mwenyewe asubuhi. Hii ilikuwa ya mkono! Na kwetu barua ya mkono yenye habari ya kifo haiwekwi mezani. Aliyeisoma ndiye wa kwanza kusimama. Tena ni nani duniani angeketi akabuni kifo cha mtu anayefahamika, mwenye mke na jiko lake, ili mtu apewe alama? Kwa Godhana hii ilikuwa barua ya kweli iliyopotea njia ikaangukia kwenye kapu la mchezo.

Nikafungua kinywa nimwite. Nikamwona baba ananitazama. Nikakifunga.

"Jefwa!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu msiba wa ami yake.

"Chukua watu wanne mkachimbe kaburi. Kalla amefariki. Maiti inafika leo kwa kivuko."

"Kalla wetu?"

"Nenda! Tutalia baadaye. Wewe, bafta iko rafu ya tatu, kata sanda. Wewe, jeneza msikitini. Nyinyi wanawake, nendeni kwa mkewe Qabale, msimwambie mpaka nifike, nitamwambia mwenyewe."

Niliogopa kumtazama Bibi Margaret. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa yanameremeta.

"Vizuri sana!" akaniambia. "Watu ingine naandika tu. Hii natenda! Yeye naona kama kweli!"

Akachukua ubao wake wa kuandikia akamfuata mbiombio.

Godhana alikuwa amelikumbatia lile kapu kwapani, sidhani alijua analo. Kila hatua kumi anatoa barua, anaisoma akitembea, anaikatia kauli hapohapo, ya mashine ama si ya mashine.

"Mchele magunia sita umelowa? Vizuri, upikwe leo, tuna wageni. Barabara imekatika? Watu wa Minjila waje kwa mitumbwi. Karani na mlinzi wamegombana? Wakachote maji wote wawili, watapatana njiani. Mizani itengenezwe."

Mizani! Dakika kumi na mbili mezani, na sasa neno moja.

Jefwa alikwenda godauni kutafuta magunia sita yaliyolowa. Hakuyapata. Akachukua makavu.

"Halkano! Lile dume la kampuni litolewe, lichinjwe."

"Dume?" Halkano akashika kichwa. "Godhana, ng'ombe wa kampuni haguswi bila karatasi."

"Kalla pia alikuwa wa kampuni. Karatasi yake hii hapa."

Halkano alimtazama kama mtu anayeonyeshwa mgeni. Halafu akaenda kulitoa dume. Baadaye aliniambia hakujua siku ile miguu yake ilikuwa inamtii nani.

Bibi Margaret alinivuta leso. "Ng'ombe ile... kweli nakufa?"

"Kweli, mama."

Akaandika.

Huyu akaanza kulia mgongoni mwangu. Godhana alikuwa anapita na mguu wa jeneza begani. Hakusimama.

"Mumina, mnyonyeshe Nuria, jua kali."

"Nani?"

"Nuria! Mtoto!" Akapita.

Miezi minne, wasomaji wangu. Wanawake walitaka kupiga vigelegele, wakakumbuka kuna msiba, wakaziba vinywa kwa leso. Baba yangu aliketi polepole juu ya gunia. Akajifuta macho kwa ncha ya kikoi.

"Ana kauli," akasema. "Mimi mwenyewe sina kauli kama hii. Jefwa! Ule mtumbwi uache. Siondoki na mtu."

Sasa niwaungamie. Punde baadaye nilikuwa ndani kwa Qabale, Godhana ameshampa habari. Qabale alikuwa anajipiga kifua, anamwita mumewe kwa majina ambayo mke humwita mume wakiwa wawili tu. Nimemshika mabega, nalia naye, machozi yangu ya kweli kabisa. Na moyoni nilikuwa na furaha. Godhana amepita! Nilimfariji mjane niliyemfanya mjane kwa penseli, na nilikuwa na furaha. Dhambi hiyo nimeitafutia jina miaka yote hii, sijalipata.

*

Alasiri watu wote walikuwa ukingoni. Wanaume mbele na jeneza tupu mabegani, mwalimu Mahadi wa chuo cha Kurani pembeni, wanawake nyuma. Upande wa pili kivuko kikang'oka, kikaanza kuvutwa kuja.

Juu ya kivuko kulikuwa na mzigo mkubwa wa kamba mpya. Juu ya kamba alikuwa ameketi Kalla, anakula ndizi.

Kumbe alikutana na lori njiani linaleta kamba ileile aliyotumwa. Akapanda lori akarudi.

Alipoona jeneza akasimama. "Nani amefariki?" akapiga kelele toka katikati ya mto.

Watu walikuwa wameanza kurudi kinyumenyume. Jefwa, ambaye hajui kunyamaza, akamjibu:

"Kalla!"

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," Kalla akasema, akaitupa ndizi mtoni kwa heshima ya marehemu. Akainamisha kichwa. Halafu akakiinua.

"Kalla yupi?"

Jeneza liliachwa likaanguka lenyewe. Wanawake walikimbia wakaacha viatu. Aliyebaki ukingoni ni Godhana peke yake, na Bibi Margaret nyuma yake na ubao.

"Kalla," Godhana akasema, "wewe si maiti?"

"Nitajuaje? Nimefika sasa hivi tu."

Akaenda mbio nyumbani kwake. Mlangoni wanawake wakamzuia.

"Mwanamume haingii. Ndani kuna mjane amekaa eda."

"Mjane wangu mimi!"

"Ndiyo sababu huingii."

Na Qabale kutoka ndani, sauti imekauka kwa kilio: "Mwambieni huyo mtu aende zake! Asinivunjie eda!"

Kalla akaenda kulitazama kaburi. Akalizunguka. Akateremka ndani akajipima, watu wakipiga mayowe atoke.

"Jefwa, mbona fupi? Miguu yangu ungeikunja?"

"Nisamehe, Kalla. Nilikukisia kwa ninavyokuona kazini. Kazini huwa umekaa."

Baada ya hapo, kwa kuwa dume limeshachinjwa na wali umeshaiva, watu wakala. Kalla alikula sinia mbili za matanga yake. Akanawa mikono, akacheua, akasema, "Haya. Nimeshiba. Sasa nionyesheni aliyeniua."

*

Tulikusanyika mbele ya godauni. Godhana akaitoa ile barua mfukoni.

"Niliitoa kapuni," akasema.

Macho yote kwa Bibi Margaret. Akavaa miwani. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Hii hapana yangu. Yangu yote ya mashine. Hii ya mkono." Akamwaga kapu chini, akahesabu. "Namba saba yangu wapi?"

Mbuzi wa jirani akalia. Nilitamani naye angechinjwa pamoja na dume.

"Maiti amerudi kwa kivuko," Halkano akasema. "Sasa dume langu litarudi kwa nini?"

Ndugu wawili wa Qabale walikuwa wamefika na bakora zao. Mkubwa akasema, "Sisi habari ya dume hatuijui. Aliyemwandikia dada yetu ujane, huyo tunamtaka. Leo."

Bibi Margaret akainua karatasi yake ya alama. "Mimi nampa Godhana tisini na sita. Nairobi hapana ona mtu kama hii. Mombasa hapana ona. Basi yeye meneja. Lakini mtu ya kuandika hii barua naharibu kazi yangu, nafukuzwa leo." Akamgeukia mume wangu. "Meneja, kazi yako ya kwanza. Amua. Nani naandika?"

Godhana akaiangalia barua. Mara ya kwanza aliisoma habari tu. Sasa alikuwa anasoma herufi. Mwandiko wangu hakuwahi kuuona, nyumbani mwenye kalamu alikuwa yeye. Lakini akainua macho, akanitazama usoni, mara moja tu. Uso wangu alikuwa ameusoma miaka mitatu.

Nikajua amejua.

Nikasema moyoni, sasa atasimama hapo mpaka magharibi iingie. Namfahamu.

"Nimeandika mimi," akasema. Hakuvuta hata pumzi.

Watu wakaguna. Bibi Margaret akavua miwani. "Wewe? Kwa nini?"

"Nilitaka nipite."

"Basi hapana meneja! Hapana karani! Hapana kitu!" Akazikata zile tisini na sita kwa kalamu mara mbili. Nadhani alikuwa karibu kulia.

"Sawa, mama."

Bakora zikainuka. Baba yangu akasimama katikati, mzee wa miaka sitini na tano na kikoi chake.

"Ngojeni, vijana. Nina neno na mkwe wangu, halafu nitazungumza na nyinyi, na hamtatoka mikono mitupu." Wakamstahi, wakashusha. "Godhana, mwanangu. Umekosea sana. Umeliza mwanamke bure, umechimba kaburi la mtu aliye hai. Lakini mtu aliyelipanga jambo mwenyewe, akalitenda mwenyewe, akasimama mbele ya watu akalikubali, huyo ana kauli. Binti yangu atabaki kwake hata akirudi kwenye jembe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Lakini kama nyuma yako kuna mtu anayekusukuma kwa upondo, na wewe ni chombo tu, basi hujabadilika. Kesho alfajiri naondoka na Mumina na Nuria, na usije Kinakomba kuwatafuta. Sasa niambie: barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Utaapa?"

"Nitaapa."

"Kwa Msahafu?"

Hapo alitua. Si sana. Muda wa kupepesa jicho.

"Kwa Msahafu, baba."

Mwalimu Mahadi akaenda msikitini akarudi nao, umefunikwa kitambaa cha kijani. Watu wakapisha njia. Hata Halkano alivua viatu. Godhana akanyoosha mkono.

Mwalimu akaurudisha Msahafu kifuani. "Una udhu?"

Godhana akaitazama mikono yake. Udongo wa kaburini, damu ya dume. "Sina."

"Basi tia udhu kwanza. Kitabu hakiendi popote."

Akaletewa birika la maji. Akachutama ukingoni mwa baraza, mbele yetu sote, akakunja mikono ya shati.

Akaosha viganja.

Nikisema, baba ananichukua kesho. Nikinyamaza, mume wangu anaweka mkono juu ya maneno ya Mungu anasema uongo kwa ajili yangu, na ule uongo atakwenda nao mpaka kwenye kaburi lake mwenyewe, siku litakapokuwa la kweli.

Akasukutua. Akapandisha maji puani.

"Mumina, mbona unatetemeka?" baba akaniuliza. Alikuwa amekuja kuketi karibu nami, bega kwa bega.

"Jua, baba."

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya godauni.

Akaosha uso. Alikuwa haharakishi. Alikuwa anatia udhu kama mtu anayejitayarisha kwa sala yoyote ya siku yoyote, na mimi nilitaka aharakishe, na nilitaka asimalize.

Mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Mkono wa kushoto.

Nikasimama. Nikakaa. Nuria akashtuka mgongoni akaanza kunung'unika. Nikasimama tena.

Baba akanigeukia. "Unataka kusema kitu?"

Qabale alikuwa ametoka kwake, amejifunika, anatazama kutoka mbali. Nilimwona Kalla amekaa chini karibu na wale shemeji zake, anachokonoa meno. Bibi Margaret hakuwa anaandika tena.

"Mumina. Nimekuuliza."

Maji kichwani. Masikio.

Godhana akanyoosha mguu wa kulia, akaumiminia maji mpaka kifundoni, akasugua katikati ya vidole kimoja kimoja. Mara tatu. Hakuinua macho kunitazama.

Ukabaki wa kushoto.